Chora Kwanza, Injini Itangoja

Kwa base yoyote ya majamaa wanataka kutengeneza gemu, hii swali haikosi: nianze na programu ya pixel art ama nijitose kwa injini ya grafiksi? Kawaida mse amejipatia kalaptop ex-UK ka Luthuli Avenue, Nairobi, RAM 4GB, stika ya shule ya Uingereza bado iko kwa kifuniko. Halafu ameona trela ya Unreal Engine, mvua inanyesha kwa lami mpaka unaweza hesabu matone, ashachizi. Anaanza kudownload magigi juu ya magigi. Bando inakata usiku, anabeg Wi-Fi kwa beshte, na siku injini inafunguka, feni inalia mpaka jirani anabisha.

Wacha nikushow mapema: hizi vitu mbili hazishindani. Programu ya pixel art, sema Aseprite, ni ya kuchora. Unaweka doti moja moja, unapanga fremu, unatoa PNG. Injini, sema Godot ama Unity, haikuchorei kitu. Inachukua hiyo PNG, inaibandika juu ya pembetatu mbili, inacheki mchezaji amebonyeza nini, na inarudia hiyo story yote mara 60 kwa sekunde. Hiyo ni milisekunde 16 na kitu kwa kila fremu. Ni kama nganya: kuna msee wa graff na kuna fundi wa injini. Graff peke yake haikufikishi Rongai, lakini nganya plain nani anapanda?

So swali ya ukweli ni gani inakuja kwanza. Mimi nasema pikseli, na sababu ya kwanza ni hiyo mashine yako. Spraiti, yaani picha ndogo ya mhusika, ya 16 kwa 16 ni pikseli 256 pekee. Hiyo RAM yako hata haishtuki. Game Boy ilikuwa na skrini ya 160 kwa 144 na shedi 4 tu, na watu walilala nayo kwa mto. Maddy Thorson na Noel Berry walitengeneza gemu ya Celeste ya kwanza kwa siku 4, ndani ya PICO-8, konsoli ya kuigiza ndani ya kompyuta, penye skrini ni 128 kwa 128 na rangi ni 16. Celeste ile kubwa ikatoka 2018. Eric Barone naye alichora Stardew Valley yote peke yake, zaidi ya miaka minne, na alikuwa anatumia Paint.NET, kitu ya bure kabisa. Gemu ikadrop 2016 na jamaa akaomoka.

Lakini usidhani pikseli ni ya watoto. Jicho la mhusika ni pikseli mbili. Songesha moja, ghafla amekasirika. Mguu ukikosea kwa fremu ya tatu, mhusika wako anatembea ni kama amekanyaga msumari. Hapo ndio unajua kwa nini Aseprite inakuonyesha fremu ya nyuma ikiwa imefifia chini ya ile unachora. Na rangi, maze, punguza. Paleti ya rangi 16 inakulazimisha kufikiria mwanga unatoka wapi. Mse wa rangi 200 bado hajaamua anachora nini.

Doo je? Aseprite bei yake ya kawaida ni kama dola 20, hapo kwa thao mbili na nusu. Kama unajua kukompaili, source code yake iko wazi na unaweza kujijengea yako bila kulipa. Ukiwa umesota, kuna LibreSprite na Pixelorama, zote bure. Pixelorama imenibamba kwa sababu imetengenezwa ndani ya Godot yenyewe, yaani injini imezaa programu ya kuchora.

Sasa ukiingia injini, kuna ngori moja inachoma wengi. Unaleta spraiti yako kali, inatokea na ukungu kama picha ya WhatsApp imeforwadiwa mara kumi. Usilie. Kwa Godot weka filta ya teksha iwe Nearest. Kwa Unity ni Point, na uzime kompreshen. Halafu chagua saizi inayogawanyika poa: 320 kwa 180, vile Celeste ilifanya, ukizidisha kwa 6 unapata 1920 kwa 1080 bila pikseli hata moja kukatwa. Na kwa hizi laptop za kitambo, Godot 4 uifungue na renda ya Compatibility, juu zile zingine zinataka teknolojia mpya ya grafiksi kama Vulkan na GPU yako huenda haiijui.

Kwa nini Godot, si Unity ama Unreal? Haikudai chochote, iwe gemu imeuza ama imelala. Unity mwaka 2023 walitangaza ada ya kila mara gemu inainstolliwa, madeveloper wakazusha, na 2024 wakaifuta. Unreal kawaida wanachukua asilimia 5 ukishapita dola milioni moja, na hiyo ni shida ningeipokea kwa mikono miwili.

Kama roho yako yote iko kwa 3D, haya, ruka pikseli uende Blender, programu ya kujenga modeli za 3D, sikukatazi. Lakini cheki vile wakali wanachanganya. Dead Cells ya Motion Twin, Ufaransa: wahusika walijengwa kama modeli za 3D, halafu wakashushwa hadi fremu ndogo za pikseli. Octopath Traveler ikafanya kinyume: spraiti flat zinatembea kwa dunia ya 3D, na inarun kwa Unreal Engine 4. Kwa zote mbili, kitu unakumbuka kwanza ni vile picha inakaa, si injini.

Kwa hivyo hii wiki, fungua kanvasi ya 32 kwa 32, chora kondaa wa mtaa yenu, mpe fremu 4 za kutembea. Godot idownload Sato, wakati kondaa ashajua kutembea.