Raga au riadha? Hesabu ya mkimbiaji wa Kampala

Mfanyabiashara anayeingia Kampala kwa barabara ya Jinja, akitokea Busia au Malaba, hupita kwanza uwanja wa Namboole, nyumbani kwa riadha ya Uganda. Mbele kidogo, upande wa Lugogo, kuna uwanja wa raga wa Kyadondo. Wakimbiaji wa mbio fupi huvutwa na viwanja vyote viwili.

Raga ya wachezaji saba inataka watu wenye kasi. Mechi ina vipindi viwili vya dakika saba, na timu hucheza mechi kadhaa kwa siku. Uganda ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2016, 2017 na 2022, mara ya mwisho ikiwa hapahapa Kampala. Mchezo huo pia umelea wakimbiaji: Mkenya Ferdinand Omanyala alicheza raga kabla ya kuhamia mita 100, na Septemba 2021 jijini Nairobi aliweka rekodi ya Afrika ya sekunde 9.77.

Faida hiyo ina gharama. Raga humjenga mkimbiaji nguvu za kuchomoka na pumzi ya kurudia mbio, lakini kukabana huumiza mabega na magoti. Tena, mkimbiaji aliyechoka akilazimisha kasi yote, msuli wa nyuma ya paja huweza kuchanika. Jeraha hilo humweka nje kwa wiki kadhaa, na asiye na mshahara anaweza kupoteza msimu mzima.

Ugumu mwingine ni kalenda. Mashindano makubwa ya riadha duniani huangukia zaidi kati ya Julai na Septemba, na katikati ya mwaka ndipo raga ya saba hupamba moto Uganda. Mshika mbili moja humponyoka.

Nafasi iliyo wazi zaidi ni Oktoba hadi Desemba: raga mara moja au mbili kwa wiki, bila kukabana, na siku ya kupumzika kabla ya mazoezi ya kasi. Mwaka mpya ukianza, mpira uwekwe chini.

Uganda ina sababu ya kuwatunza vijana hawa. Tangu Davis Kamoga apate shaba ya mita 400 mjini Atlanta mwaka 1996, medali zake zote za Olimpiki zimetoka katika mbio za mita 3,000 na zaidi.