Redio Mpya Kwenye Gari Kuukuu: Pima Waya Kabla Hujaunga

Toyota Probox zinazobeba abiria kati ya Ekerenyo, Ikonge na Nyamira mjini zilitumika kwanza Japani kabla ya kufika kwetu, na redio zilizokuja nazo ziliundwa kwa ajili ya vituo vya Japani. Kule FM ilitengewa masafa ya megahezi 76 hadi 90. Kenya tunatumia 87.5 hadi 108. Masafa hayo mawili yanakutana kwenye ukanda wa megahezi mbili na nusu tu, na ndiyo sababu mwenye gari anayetafuta Egesa FM apate habari kwa Ekegusii anaweza kuzungusha kutoka mwanzo hadi mwisho asiambulie ila stesheni moja au mbili. Japani ilipozima televisheni ya analogi, mwaka 2011 na 2012, nafasi iliyoachwa ilitumiwa kuisogeza FM yao hadi 95. Lakini Probox za kizazi cha kwanza zilianza kuuzwa mwaka 2002, na nyingi zilishatoka kiwandani kabla ya mabadiliko hayo.

Tiba ambayo wengi huijaribu kwanza ni kipanuzi cha masafa, ambacho wauzaji wa spea hukiita ekspanda. Ni kiboksi kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa eriali na redio. Kazi yake ni kuyateremsha mawimbi yetu hadi pale redio ya Kijapani inapoweza kuyashika. Kikiwa cha megahezi 14, kituo cha 98.0 utakipata kwenye 84.0. Tatizo ni kwamba redio yenyewe ina upana wa megahezi 14 tu, ilhali FM yetu ina upana unaozidi 20. Kipanuzi cha 14 kitakupa stesheni za 90 hadi 104 na kuziacha za juu. Cha 20 kitaanzia 96, na zote zilizo chini ya hapo zitakupita. Tena hakuna namba kwenye kioo itakayolingana na ile inayotajwa na mtangazaji. Kwa anayesikiliza stesheni moja asubuhi hadi jioni, kipanuzi kinatosha. Kwa mwingine yeyote, naona heri pesa hiyo iongezwe kwenye redio mpya. Na usidanganyike ukauziwa redio iliyotolewa kwenye gari jingine la Japani kwa sababu inang'aa: nayo ni ya masafa ya Japani.

Wako pia wanaobadilisha kwa kulazimika. Baadhi ya redio za Toyota zenye ramani hujifunga betri inapotolewa. Ukiwasha, kioo kinadai kadi ya ramani au nambari ya siri, kwa maandishi ya Kijapani. Kama redio yako ni ya aina hiyo na bado unaitaka, hakikisha kadi ipo ndani kabla hujamruhusu mtu yeyote kufungua nati ya betri.

Kuibadilisha redio mwenyewe ni kazi ya alasiri moja. Haihitaji mtambo wowote: bisibisi ya nyota, spana namba 10, kipande cha plastiki kigumu cha kubandulia, mita ya umeme ya bei nafuu na subira. Lakini katika magari yaliyowahi kuguswa, nimeona shida karibu zote zikitoka mahali pamoja: mtu alikata soketi ya gari, akalinganisha waya kwa rangi, akazisokota na kuzifunga tepu. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Redio nyingi zinazouzwa madukani, za Kichina na nyinginezo, zinafuata utaratibu mmoja wa rangi. Njano ni umeme wa kudumu kutoka kwa betri, unaotunza saa na stesheni. Nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukifika kwenye ACC. Nyeusi ni hasi, yaani bodi ya gari. Spika za mbele ni nyeupe na kijivu, za nyuma ni kijani na zambarau. Huo ni utaratibu wa redio, si wa gari. Toyota nyingi za zamani zina utaratibu wake: umeme wa kudumu ni buluu yenye mstari wa njano, wa ACC ni kijivu, na bodi ni kahawia. Sasa tazama hatari ilipo. Kwenye soketi hiyohiyo ya Toyota kuna waya mwekundu, mweusi na wa njano pia, na zote tatu ni za spika za nyuma. Anayeunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi na njano kwa njano amefunga njia zote za umeme za redio yake kwenye spika. Haitawaka. Kisha ataanza kujaribu, ataleta umeme wa betri kwenye waya huu na ule, na hapo ndipo vitu huungua. Volti 12 zikiingia kwenye spika ya omu 4 zinazaa joto la wati 36 mfululizo, na koili yake haikuundwa kuvumilia hivyo. Zikirudi kwenye redio kupitia waya za spika, zinaua chipu ya kukuza sauti.

Kwa hiyo tunapima. Fungua fremu ya plastiki inayozunguka redio. Inashikwa na klipu, ivute taratibu kutoka pembeni. Toyota nyingi zina bolti nne za namba 10 nyuma yake. Ivute redio, chomoa soketi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, pamoja na eriali. Ukikutana na plagi ya manjano au waya uliovikwa mfuko wa manjano, usiuguse, huo ni wa mifuko ya hewa. Weka mita kwenye volti 20 za mkondo wa moja kwa moja, ncha nyeusi iguse chuma kitupu cha bodi, kisha pitisha ncha nyekundu kwenye tundu za soketi ya gari, moja baada ya nyingine. Ufunguo ukiwa mfukoni, tundu litakaloonyesha volti 12 na kitu ni la umeme wa kudumu. Peleka ufunguo kwenye ACC: litakaloamka sasa ndilo la nyekundu ya redio yako. Washa taa ndogo: litakaloamka ni la mwanga wa vitufe. Kwa hasi, toa ufunguo, geuza mita kwenye omu, na utafute tundu linalosoma karibu sifuri kwenda bodini. Andika kila kitu kwenye karatasi.

Za spika zina njia yake. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya, uguse kwa mpigo mmoja jozi unayoishuku, redio ikiwa imechomolewa. Utasikia spika ikipiga "tap" na utajua ni mlango gani. Ukitoa wavu wa spika na kuweka kidole juu ya karatasi yake, utaihisi ikisukumwa nje au ikivutwa ndani. Ikisukumwa nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Hili si la kupuuza. Spika mbili zikiungwa kinyume, moja inasukuma hewa huku nyingine ikiivuta, na besi inapotea. Wengi hukimbilia kununua spika kubwa kumbe walihitaji kubadilisha waya mbili.

Baada ya vipimo hivyo, nunua soketi ya kubadilishia ya Toyota, pini 10 na pini 6. Upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari bila kukata chochote, upande mwingine una waya tupu unazoziunga na za redio mpya ukiwa umekaa mezani, kwenye mwanga. Unga kwa risasi ya kuchomea, kisha uvike kila kiungo mpira unaosinyaa kwa moto. Tepu nyeusi peke yake huyeyuka gundi gari linapoanikwa juani, waya zikabaki wazi zikigusana nyuma ya dashibodi. Siku ukiuza gari, au redio ikifa, unachomoa soketi yako na ile ya kiwandani iko vilevile.

Kosa moja zaidi la waya linaua betri nyingi. Fundi mwenye haraka huunganisha njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio iwake hata bila ufunguo. Redio kubwa zenye skrini ya kugusa, zikiungwa hivyo, hazilali kamwe. Ikinyonya miliampea 300 tu gari likiwa limezimwa, hiyo ni zaidi ya ampea-saa 7 kwa siku, na betri ya ampea-saa 35 haitapiga stata baada ya siku chache za kuegeshwa. Kipimo chake ni rahisi: toa waya wa hasi wa betri, weka mita katikati kwa kipimo cha ampea 10, funga milango, usubiri dakika kadhaa. Ikizidi miliampea 50, kuna kitu hakijalala.

Maandishi ya wati 50 mara nne yaliyo kwenye boksi yasikubabaishe. Gari likinguruma, umeme wake ni kama volti 14.4. Kwa spika ya omu 4, nguvu safi ya juu kabisa ambayo redio inaweza kutoa bila amplifaya ya nje ni wati 26 hivi kwa kila spika, na kwa vitendo hupungua hapo. Fyuzi iliyo mgongoni mwa redio hiyo mara nyingi ni ya ampea 10, na ampea 10 kwa volti 14.4 ni wati 144 kwa jumla. Mia mbili zitoke wapi? Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya ampea zilezile. Anayeweka ya 20 au kipande cha waya anauachia waya wa gari kazi ya kuungua badala ya fyuzi.

Ukubwa hausumbui. Redio nyingi za skrini zina upana wa milimita 178 na kimo cha 100, na nafasi ya Toyota ya Japani ina 200 kwa 100, kwa hiyo utabaki na mwanya wa kama sentimita moja kila upande. Vipo vipande vya plastiki vya kuuziba. Waya wa breki ya mkono unaozuia video gari likitembea uunge kwenye swichi ya breki kama kitabu cha redio kinavyosema, usiupeleke bodini. Njia zetu zina kona, pikipiki na watoto wa shule.

Eriali ndiyo inayosahaulika. FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na katika nchi ya matuta na mabonde kama Nyamira, ukiteremka bondeni unaweza kupoteza stesheni uliyokuwa unaisikia vizuri kileleni. Hapo hakuna redio ya kulaumiwa. Lakini kama sauti inakwaruza kila mahali, angalia kama gari lako lina eriali ya kwenye kioo yenye kikuza mawimbi. Hicho kinahitaji umeme kupitia waya wa buluu wa redio. Usipoungwa, redio ya bei ghali itashindwa na ile kuukuu uliyoitoa.

Neno kwa wenye malori yanayokusanya majani ya chai: mengi yanatumia volti 24, betri mbili zilizofuatana. Redio ya gari dogo ni ya volti 12. Wapo wanaochota 12 kutoka kwa betri moja tu. Redio italia, lakini betri hiyo itaisha huku mwenzake akijazwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Nunua kipunguza umeme cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha, au redio ya 24 yenyewe.

Na ninyi wenye maduka ya spea Ekerenyo, Nyamira na Kisii: mnapoweka redio kwenye rafu, wekeni kando yake soketi za kubadilishia za Toyota, Nissan na Isuzu, na mita chache za umeme. Mteja asilazimike kuagiza kipande hicho kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, wala asikate waya za gari lake kwa kukikosa.