Jinsi sikio la ndani linavyogeuza sauti, na kwa nini tulilinde mapema

Kliniki hapa Msalato, walezi wengine hutuambia mtoto ni mkaidi, akiitwa hageuki. Mara nyingine si ukaidi. Sauti inafika sikioni, lakini haifiki kwenye ubongo. Tuangalie njia inayopita.

Kutoka hewani hadi ndani

Sauti ni mtikisiko. Wanawake wa Kigogo wanapopiga muheme, ngozi ya ngoma hutikisika na kuitikisa hewa iliyo karibu. Mtikisiko huo husafiri hadi kwenye tundu la sikio na kugonga kiwambo cha sikio, ambacho nacho kimewambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna vifupa vitatu, vidogo kuliko mifupa yote mwilini. Vifupa hivyo hupokezana mtikisiko na kuufikisha kwenye sikio la ndani.

Sauti inapogeuka kuwa umeme

Sikio la ndani lina mrija uliojikunja kama gamba la konokono, wenye ukubwa wa punje ya njegere. Unaitwa koklea, na umejaa majimaji. Ndani yake zimepangwa seli zipatazo 15,000, kila moja ikiwa na vinyweleo vidogo sana juu yake.

Mtikisiko ukifika, majimaji hufanya wimbi, na vinyweleo huinama kama mtama shambani upepo unapovuma. Vikiinama, vijitundu hufunguka na chembe za potasiamu zenye chaji ya umeme huingia ndani ya seli. Seli nayo hutoa kemikali inayoamsha mshipa wa fahamu, na mshipa hupeleka taarifa kwenye ubongo.

Seli za mwanzoni mwa mrija hupokea sauti nyembamba, kama filimbi. Za mwishoni hupokea sauti nzito, kama ngoma.

Nini huharibu?

Mtama ukikatwa huweza kuchipua tena. Seli hizi hazichipui. Mtoto huzaliwa nazo, na zikifa hazirudi. Sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu huweza kudhuriwa na:

- homa ya uti wa mgongo, surua na matumbwitumbwi;
- rubela, mama akiugua wakati wa ujauzito;
- manjano makali kwa mtoto mchanga;
- baadhi ya dawa, kama sindano za gentamaisini. Dawa hii huokoa maisha ya watoto wachanga, hivyo usiikatae ikiandikwa na daktari, ila usitumie bila kuandikiwa;
- kelele kubwa, kama kukaa na mtoto karibu na spika za harusi.

Mlezi afanye nini?

Kamilisha chanjo zote. Ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18.

Mchunguze nyumbani. Mtoto mchanga hushtuka akisikia kishindo. Wa miezi 6 hugeukia sauti. Wa mwaka mmoja huitikia jina lake na kujaribu maneno kama "mama". Mwite ukiwa nyuma yake, mahali asipokuona.

Akitoka usaha sikioni, mlete kituoni. Usitie mafuta wala maziwa ya mama. Tatizo hilo mara nyingi liko sikio la kati na linatibika, lakini likiachwa huweza kuharibu usikivu.

Ukiwa na shaka, usisubiri kwa kuambiwa kwamba hata baba yake alichelewa kuongea. Omba rufaa kwa daktari wa masikio.

Msaada upo

Seli zikiwa zimebaki za kutosha, kifaa cha kukuza sauti husaidia. Zikiwa zimekufa nyingi, kuna kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji, ambacho hupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kufanya upasuaji huu mwaka 2017. Lugha ya alama nayo ni lugha kamili, na mkoani kwetu kuna shule ya watoto viziwi Kigwe, wilayani Bahi.

Ubongo hujifunza lugha kwa kasi zaidi miaka ya mwanzo. Kwa hiyo mama, mlete mtoto mapema, hata kama huna uhakika. Tukimpima na kukuta anasikia vizuri, utakuwa umeondoa wasiwasi.