Mkono Mmoja kwa Mgonjwa, Mwingine kwa Utafiti

Kanisa humwenzi Mtakatifu Luka, Mwinjili, kama msimamizi wa matabibu. Utabibu ni wito wa huruma. Lakini huruma ikikosa maarifa, hubaki ikilia na mgonjwa bila kumponya.

Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, Mprotestanti kutoka Ireland, aliyaunganisha haya mawili. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine mwenye hali hiyohiyo huko Jinja, akiwa na uvimbe pia tumboni. Kisu pekee hakikuweza kuwaokoa. Badala ya kukata tamaa, alianza kuuliza: kwa nini watoto hawa, na kwa nini hapa?

Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na madaktari wenzake wawili kilomita zipatazo 16,000, akipita pia Tanganyika. Waligundua kwamba saratani hiyo ilikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi, na ilionekana zaidi penye joto na mvua, palipo na malaria. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi maabara ya Anthony Epstein, London. Na mwaka 1964 kirusi kipya kikatambuliwa ndani ya chembe zake. Leo saratani hiyo hutibiwa kwa dawa, na watoto wengi hupona wakiwahishwa.

Baadaye Burkitt aligeukia maradhi ya utumbo, akihimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Ugali wa dona, kunde na mboga za majani za mashamba yetu ya Kwaluguru si chakula cha kuonea haya.

Utafiti hauko mbali nasi. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Wazazi waliokubali watoto wao washiriki walitoa sadaka kwa ajili ya watoto wa wengine.

Basi, mtoto akivimba taya au tumbo, tusimfiche ndani wala kudhani amerogwa. Tusali, na siku hiyohiyo tumpeleke hospitali. Yoshua bin Sira anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa maana naye ameumbwa na Mungu.