Sukuma wiki guniani: siri ni kokoto

Je, wewe ni mpangaji usiye na hata kipande cha shamba? Usife moyo. Gunia moja kuukuu mlangoni litakupunguzia safari za kwa mama mboga, hasa mwezi unapokuwa kwenye kona.

Changanya madebe 2 ya udongo na debe 1 la samadi iliyooza vyema. Simamisha mkebe usio na kitako katikati ya gunia, uujaze kokoto, kisha uzungushie udongo. Uvute juu, uujaze tena, hadi gunia lijae. Kokoto hizo ndizo njia ya maji. Bila hizo, miche ya juu hunywa, ya chini ikafa kwa kiu.

Toboa matundu ubavuni, yaachane sentimita 20 hivi, kisha upande miche. Mwagilia kokoto asubuhi au jioni. Maji uliyooshea mchele yafaa. Majani yakikomaa, chuma ya chini, uache 4 au 5 ya juu. Ukiona vidukari, wapanguse kwa maji ya sabuni kidogo.

Watoto nao wape gunia lao. Aliyepanda sukuma kwa mkono wake haisusi mezani.