Si Kila Katuni ni ya Watoto

Hapa Hombolo tumezoea kumwachia mtoto simu, madhali atazama katuni. Lakini katuni nyingine zimetungwa kwa ajili ya wakubwa. Mwaka 1943 Mmarekani Tex Avery alitoa "Red Hot Riding Hood". Yaanza kama ngano ya watoto: binti, bibi yake na mbwa mwitu. Mara wote watatu wakataa kuirudia ngano ile kuukuu. Binti awa mwimbaji wa kilabu cha usiku, na mbwa mwitu amtamani bila haya. Basi mzazi aliyechungulia mwanzo tu amekwisha danganyika.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Maalim, mbona bibi naye amfukuza mbwa mwitu apate kumbusu?" Nilinyamaza. Tangu siku ile wanangu hawapewi simu mpaka nimetazama mwenyewe hadi mwisho.