Baridi Yabisi, Mkeka na Mafuta ya Uto

Kwa miaka mitatu mama yangu alisali juu ya kiti. Kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao, kimeondolewa mezani kikawekwa kando ya mkeka, na kila aliyeingia nyumbani kwetu hapa Voi alijua kuwa si cha kukaliwa ovyo. Sheria inamruhusu mgonjwa kusali kama awezavyo, na hilo hakuna anayelipinga. Lakini mtu aliyeuzoea mkeka tangu utotoni haoni raha kuinamisha kichwa hewani. "Ruhusa ni rehema, mwanangu," aliniambia siku moja, "ila paji la uso nalo lina hamu yake."

Goti la kulia ndilo lililoanza, kisha la kushoto likafuata. Hospitali walimpiga picha wakaona gegedu limelika, yaani ule mfupa laini unaozuia mifupa miwili isisagane. Wakampa vidonge, na wakamfundisha kunyoosha mguu akiwa ameketi, mara kumi kumi, asubuhi na jioni. Vidonge vilimchoma tumbo. Mazoezi aliyaacha siku ya nne, kwa kuwa yalimwuma. Hapo ndipo aliponiagiza nikishuka Mombasa nimletee mafuta ya uto yaliyokamuliwa, "si ya kupikia," pamoja na unga wa choroko nyeusi. Nikamwuliza choroko za nini. "Wewe lete," akanijibu.

Ndugu msomaji, ili ufahamu choroko zimeingiaje katika magoti ya mama, huna budi kukumbuka kuwa Voi ni mji uliozaliwa na reli. Njia ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901, na wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga. Mwaka 1915 ikachepuka njia nyingine kutoka hapa Voi kuelekea Taveta, kwa ajili ya vita na Wajerumani. Wengi wa Wahindi hao walirudi kwao, wengine walikufa, na waliobaki wakafuatwa na wenye maduka. Mama alipokuwa kijana alipakana ukuta na mke wa mmoja wa wenye maduka hao. Walibadilishana achari kwa mahamri, na tiba kwa tiba. Jirani yule alihama zamani, lakini aliyomfundisha mama hayakuhama naye.

Tiba yenyewe huitwa janu basti, na janu kwa Kisanskriti ni goti. Ni sehemu ya Ayurveda, utabibu wa kale wa Bara Hindi. Unga wa choroko nyeusi hukandwa kwa maji hadi uwe donge gumu, halafu donge hilo huviringishwa na kuzungushwa juu ya goti, mithili ya ukingo wa kisima, kimo cha vidole viwili. Mgonjwa amelala chali, mguu umenyooka. Mafuta ya vuguvugu humiminwa ndani ya kisima hicho, na yakianza kupoa huchotwa kwa kijiko na kutiwa mengine, muda wa nusu saa hivi. Mwisho ukingo hubanduliwa na goti likachuliwa taratibu kwa mafuta yale yale.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilibandika mafuta jikoni moja kwa moja, nikayamimina bila kuyajaribu. Mama akauma meno akasema moto ndiyo dawa. Kesho yake goti lilikuwa na malengelenge mawili, na tiba ikangoja wiki mbili. Tangu siku hiyo bakuli la mafuta hukaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali na jiko, na kwanza huyatia kwenye kifundo changu cha mkono. Nasisitiza hili kwa wenye wazee wanaougua kisukari, maana ugonjwa huo huweza kuua hisia za ngozi, na mtu akaungua asijue.

Nikiwa nangoja malengelenge yapone, nilianza kulifikiria jina la ugonjwa wenyewe. Sisi husema baridi yabisi. Tunalitamka kila siku bila kulisikiliza. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Kwa hiyo jina limekwisha kutaja sababu: ubaridi na ukavu umeingia katika viungo. Huo ni utabibu wa Kiyunani alioueleza Ibn Sina katika Qanun yake, wenye damu, balghamu, safura na sauda, kila kimoja na tabia yake. Na sauda ndiyo yenye ubaridi na ukavu. Sasa mwulize tabibu wa Ayurveda. Atakwambia maumivu ya viungo hutokana na vata, yaani upepo wa mwili, na kwamba tabia ya vata ni ubaridi na ukavu! Dawa yake ni kinyume chake, joto na mafuta. Bibi zetu waliochoma majani ya mbarika wakayafunga gotini, au waliochua kwa mafuta ya mbarika, walikuwa wakifuata hesabu ile ile.

Wala si ajabu. Enzi ya Harun Rashid, waziri wake Yahya bin Khalid al-Barmaki aliamuru vitabu vya utabibu wa Kihindi vitafsiriwe kwa Kiarabu, na mwaka 850 Ali bin Rabban al-Tabari akaufungia mlango wake maalumu utabibu huo mwishoni mwa Firdaus al-Hikma. Majahazi ya Malabar na Kachi yalileta pwani yetu mbao na nguo, na sidhani kama mabaharia waliacha magoti yao nyumbani. Kwa hiyo anayeniambia kuwa mama ameiga mambo ya Wahindi, namwomba kwanza aseme ugonjwa unaitwaje kwa Kiswahili.

Lakini je, yafaa kitu? Mwaka 2018 madaktari wa Berlin walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 151 wa magoti. Waliotibiwa kwa Ayurveda kwa wiki 12 walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa tiba ya kawaida. Ila walifanyiwa mengi kwa pamoja, kuchuliwa, chakula, mazoezi na ushauri, tena kila mmoja alijua anatibiwa vipi. Basi huwezi kuyapa mafuta sifa zote. Gegedu lililolika halirudishwi na mafuta. Na kupaka si kumeza: mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima dawa 70 za Ayurveda za kumeza zilizouzwa madukani, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Mama aliletewa kichupa cha unga wa namna hiyo, nikakitupa mbele yake, akanuna siku nzima. Tena goti lililovimba likawa jekundu na la moto, na mwili ukawa na homa, hilo si la kuchuliwa. Lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wenzetu wa Wundanyi na kandokando ya mlima Vuria, wanaoteremka kila siku na mizigo, goti ni jambo zito zaidi, kwa kuwa mteremko hulibebesha mara kadhaa ya uzito wa mwili. Nao huyajua mafuta na moto.

Kwetu, kilichobadili mambo ni kitu ambacho sikukitazamia. Goti likiwa bado lina joto la mafuta, mama alikubali kunyoosha mguu mara kumi, kisha mara ishirini, yale yale mazoezi ya hospitali aliyoyakimbia. Tulifanya hivyo siku tatu kwa wiki, baada ya Alasiri. Wala udhu hautatiziki, kwani goti si kiungo cha udhu.

Mwezi wa tatu, jioni moja, nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameshuka mkekani kwa Maghribi. Alfajiri bado husalia kitini, maana magoti huamka yamekakamaa. Jioni kiti hukaa pale pale kando yake, na hukishika kwa mkono mmoja anapoinuka kutoka sijida.